Jezi Zilizokataa Rangi ya Mkoko

Juzi nilipita uani kwa jirani yangu hapa Amu, bibi mmoja msuka mikeka, nikamkuta amejaza magome ya mkoko sufuriani na kuni zinawaka. Harufu ile nitakueleza vipi? Ni chungu kama chai iliyosahauliwa motoni, ina moshi ndani yake, na ikishaingia kooni haitoki. Yeye alikuwa akitia ukili wake rangi, hana habari na mimi. Mimi nilisimama pale na kikapu cha samaki mkononi, nikamkumbuka mjomba wangu Athmani na jezi zake, na hasira zangu za utotoni zikapanda zote. Kaa basi nikueleze, maana habari hii wako wanaoisimulia vibaya.

Mjomba Athmani ni ndugu mdogo wa mama yangu, mzaliwa wa Kizingitini kama sisi sote, na kazi yake ilikuwa mpira. Aliondoka kijana akaenda kuchezea klabu za Tanzania, kisha Ngazija, kisha Shelisheli, Omani, Sudani, Bangladeshi, mpaka Maldivi. Nilipokuwa na miaka tisa nilizijua nchi zile kwa mpango wake kama nilivyozijua sura fupi za chuoni, na nilimsomea yeyote aliyesimama karibu yangu, atake asitake. Kwangu mimi kila nchi ilikuwa nishani. Watu wengine hutakwa na timu moja. Mjomba wangu alitakwa na dunia.

Aliporudi nyumbani alirudi na gunia. Kwetu msafiri akirudi, kila nyumba hutazamia kitu, hata kama ni kipande cha sabuni chenye harufu ya ugenini. Mjomba hakuwa na sabuni. Alifungua gunia kibarazani kwa Bibi, mama yake, na ndani mlikuwa na jezi tu, nyekundu, buluu, manjano, zenye mistari na zisizo nayo, za kila timu aliyoichezea. Akawagawia vijana wa mtaa moja moja. Walizivaa siku hiyohiyo, wakaenda nazo mpaka msikitini.

Sasa kulikuwa na Bwana Lali. Alikuwa mnunuzi wa kamba-mawe, na kwa kuwa wapiga mbizi wengi walimuuzia yeye, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa timu yetu pia. Jioni alikaa barazani na kahawa yake akasema, "Mtembezi hula miguu yake. Mchezaji mzuri hukaa, timu haimwachi. Huyu kila msimu ana nti mpya. Na jezi kama hizo Mombasa ziko, mitumba, marobota kwa marobota."

Neno hilo la marobota nililisikia chuoni, kinywani mwa mwanawe. Nilimzaba kofi. Mwalimu alinichapa bakora, na huku nalia nikawa nataja nchi, Tanzania, Ngazija, Shelisheli, mpaka mwalimu mwenyewe akaitupa ile bakora akacheka.

Mechi yetu na Mbwajumali, kijiji jirani, ilikuwa imekaribia, na Mjomba akaomba kucheza. Bwana Lali akamwambia kwa adabu yote kwamba timu ni ya wakaazi, na yeye ni mgeni wa siku mbili tatu. Mbwana, nahodha wetu, kijana mpiga mbizi, akasema Athmani asipocheza basi nao hawachezi. Bwana Lali hakugombana naye. Alisema tu, "Sawa. Lakini timu ni rangi moja. Siku ya mechi nikiwaona na rangi moja, atacheza. Mkija kama kanga za dukani, hachezi." Kwa miaka mingi timu yetu ilikuwa ikicheza na fulana za kuazimana, na hakuwahi kuuliza rangi. Alijua jezi za gunia hazifanani hata mbili, na alijua vijana hawatazivua.

Bibi alipoletewa habari alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Rangi?" akasema. "Rangi iko."

Wazee wake walikuwa wakitia tanga na nyavu katika maji ya magome ya mkoko, na akaapa kwamba katika visiwa hivi hakijapata kuzaliwa kitambaa cha kuyashinda. Alikusanya jezi zote. Hapo mimi nililia kweli. Jezi zile ndizo zilizokuwa ushahidi wetu. Zikiwa zote rangi ya udongo, nitamwonyesha nani Maldivi? Nilimshika Mjomba kikoi nikamwambia amzuie mama yake. Akanitazama, akachukua ya manjano, akaitia mwenyewe mle ndani ya sufuria.

Asubuhi tulizitoa. Maji yalikuwa mekundu kama damu ya papa, na jezi zilikuwa vilevile zilivyoingia. Nyekundu ni nyekundu, buluu ni buluu. Nyuzi za pindo tu ndizo zilizoshika rangi kidogo. Bibi akatia chokaa, akachemsha tena mpaka kuni zikaisha, na wapi! Zilikuwa za plastiki tupu, na hakuna aliyejua kwamba plastiki hainywi rangi ya mti, kwa sababu nyavu siku hizo zilikuja na rangi zao kutoka kiwandani na magome yalikuwa hayajachemshwa kwetu miaka mingi. Mtaa mzima ulicheka. Barazani walisema hata mkoko umezikataa.

Bibi hakucheka. Alifunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye mnazi, upande wa ndia kuu, akazianika zote mahali ambapo kila mwendaji msikitini atazipita. "Kesho mtazivaa hivyohivyo," akamwambia Mbwana. "Na Bwana Lali akiuliza, mwambie aje aniulize mimi."

Mechi ilichezwa asubuhi, siku ya bamvua, maji yalipotoka na kutuachia mchanga mgumu, na magoli ni boriti zilizosimikwa. Mbwajumali walikuja na jezi za kijani, wote sare. Wetu walikuja kama walivyo. Bwana Lali alimwendea refa, mwalimu wa shule kutoka Pate, akamwambia hawa si timu, ni soko. Refa akamwita Mjomba, akamuuliza atawatambua vipi.

"Mbwajumali wamevaa kijani," akasema Mjomba. "Yeyote utakayemwona hana kijani, huyo ni wetu."

Refa alifikiri kidogo, akatia kipenga mdomoni. Bwana Lali alitafuta mkono wa kumuunga, na Bibi alikuwa amesimama nyuma yake na buibui lake. Akaenda kukaa kwenye mawe na wazee.

Mjomba hakuwa na mbio tena. Goti lake moja lilikuwa halikunjiki vizuri. Lakini alisimama katikati na mpira ukawa unakwenda mahali alipokwisha kufika. Aliwapanga wale vijana kwa kidole tu. Alimpa Mbwana pasi moja kati ya watu watatu, na Mbwana hakuwa na kazi ila kuisukuma ndani. Wazee waliosema marobota waliinuka kwenye mawe yao. Mbwajumali walisawazisha, kisha maji yakagusa boriti ya goli la chini, na kwetu hapo ndipo mechi huisha.

Watu wakiwa bado majini, akaja mzee wa Mbwajumali, kikoi kakipandisha magotini. Akasema, "Huyu tupeni sisi msimu ujao. Tutamletea mashua ya kumchukua na kumrudisha."

Mjomba alikuwa anafungua kamba za viatu. Bila kuinua kichwa akauliza, "Lini?"

"Haendi," alisema Bwana Lali. Alisema kwa ukali, kama mtu aliyeibiwa. "Huyu ni mtu wa Kizingitini. Haendi mahali."

Mjomba aliinama akachota maji ya bahari, akaosha uso. Akachota tena, na tena. Nilidhani ni mchanga umemwingia machoni.

Nilipokuwa mkubwa, mkataba wangu wa kazi ulipokatizwa nikarudi nyumbani nimenuna, ndipo aliponieleza alivyoziacha nchi zile. Huku goti liliumia. Kule alikuja kocha mpya na wachezaji wake. Kwingine waliacha tu kumjibu. Kila jezi ilikuwa na siku yake ya kuambiwa asante, nenda. Utasema basi Bwana Lali alisema kweli. Mimi nasema hapana, na nitasema hivyo mpaka nizikwe: aliyekaa kwao maisha yote hajafukuzwa kwa kuwa hajabisha hodi kwa mtu. Maneno yake ya barazani sijamsamehe. Lakini kwa neno lile la majini nampa heshima yake, tena kwa mikono miwili, hata kama alilisema kwa kuwaonea Mbwajumali wivu. Katika nchi zote zile, mjomba wangu alikuwa hajawahi kuambiwa na mtu kwamba haendi.