Jina la Meli Lililosuguliwa Likapotea

Saa moja na robo asubuhi, mlango mkubwa wa makumbusho bado umefungwa. Babu Mizinga amepiga goti, mkono wake umezama hadi begani ndani ya mdomo wa mzinga wa tatu. Anatoa vijiti vya aiskrimu, tiketi zilizokunjwakunjwa na soksi moja ya mtoto.

"Jana ilikuwa miwani," anasema. "Mwaka juzi nilitoa meno ya bandia. Mwenyewe hakurudi. Sijui siku hizi anatafunia nini."

Jina la Babu Mizinga kabandikwa na wenzake. Ana miaka hamsini na tisa, na thelathini na moja kaimalizia katika ukumbi huu wenye mizinga kumi na mmoja ya meli za vita za zamani. Mshahara, anasema, ni wa kuziba tundu hili likafumuka lile.

Wageni hukimbilia kupiga picha na mzinga wa saba, kwa kuwa unang'aa. Yeye akiufikia, hugeuza uso.

Miaka ishirini na miwili iliyopita ilitangazwa ziara ya mgeni mkubwa. Mkuu wa wakati huo akaamuru kila kitu king'ae. Mzinga huo wa shaba ulikuwa umevaa ukoko wa kijani, na mgongoni pake jina la meli limechongwa kwa herufi nyembamba. Babu Mizinga akausugua siku tatu, kwa brashi ya waya na unga wa tofali.

"Nilijiona fundi! Nasugua, shaba inacheka. Siku ya tatu napitisha kidole, laini kama shavu la mtoto. Jina hakuna. Nikasema, we mwanaume, umefanya nini?"

Hakuna aliyekuwa amelinakili. Daftari la mapokezi lilisema tu "shaba, mkubwa". Yeye aliyelipangusa vumbi miaka tisa hakuwahi kulitia akilini.

Mgeni alikaa dakika nne, akausifu mng'aro. Babu Mizinga akapewa barua ya pongezi, mkewe akaitia fremu sebuleni. Kwa maneno yake mwenyewe, kibao cha maelezo kikaandikwa: "Maandishi yamefutwa na chumvi ya bahari."

"Bahari ya watu nikaisingizia," anasema.

Mwaka jana akaja mama mmoja na bahasha mkononi. Babu wa babu yake alikuwa mpiga mizinga, akafia melini. Jina la meli analo. Haya yalikuwa makumbusho ya nne anayoyazungukia kutafuta mzinga wa meli hiyo.

"Kaka, hapa paliandikwa nini?"

"Dada, bahari imekula."

Mama akaupapasa mzinga kama anayemuaga mgonjwa, akaondoka. Babu Mizinga hakumuuliza jina la meli. Aliogopa kulisikia.

Jioni hiyo akamweleza mkewe.

"Kumbe miaka yote nawaonyesha wageni ile barua, natangaza msiba!" mkewe akamwambia, kisha akaitungua fremu. "Nenda kaseme, baba watoto. Usistaafu na mfupa kooni."

Ilimchukua miezi kumi. Wiki mbili zilizopita aligonga mlango wa mkuu wa sasa, binti wa umri wa kitinda mimba wake.

"Baba, umebakiza miezi miwili," mkuu alimwambia. "Nikibadilisha kibao lazima niandike ripoti. Nikiandika ripoti, barua ya utumishi mwema hupati."

Barua hiyo ndiyo ingempatia kazi ya ulinzi aliyoahidiwa kwenye shule jirani.

"Andika, mwanangu."

Kibao kipya kinawekwa Jumatatu. Kitasema jina lilifutwa humu ndani, kwa mkono wa mfanyakazi, wakati wa kusafisha.

Anwani ya yule mama aliipata kwenye kitabu cha wageni. Amemwandikia, akimwomba arudi kabla yeye mwenyewe hajastaafu.

"Aje anitukane ana kwa ana, ni haki yake. Halafu anitajie jina la meli yake, huenda nikalikumbuka." Anatazama mikono yake. "Na nisipolikumbuka, safari hii nitamwambia hivyo hivyo."