Gunvor na Omu Mbili

Kwa miaka ishirini na sita Gunvor Åslund alikuwa msaidizi wa daktari wa meno katika mji mdogo wa Ljusdal. Kazi yake ilikuwa kushika kibomba cha kunyonya mate na kuwaambia watu wazima wasiogope. Wagonjwa walimjua kwa sauti yake ya chini na viatu vyake visivyolia. Waliomkuta siku za Jumamosi kwenye uwanja wa lami, nyuma ya kiwanda cha mbao kilichofungwa, ilibidi wamtazame mara mbili.

Yote yalianza na gari. Alipokuwa na miaka arobaini na sita, yeye na mumewe Sixten walinunua gari refu jekundu la mwaka 1990, la kubebea kuni. Aliyewauzia alikuwa anaumwa mgongo, hivyo akaacha sanduku zito la spika lilipokuwa, nyuma ya viti. Asubuhi ya kwanza ya kwenda kazini Gunvor akawasha redio, besi, ile sauti nzito ya chini, ikapiga. Miwani ikamteleza puani. Kioo cha kutazamia nyuma kikatetemeka mpaka barabara ikawa mbili, na kitu kikamtekenya chini ya mbavu. Akaegesha kando ya barabara, akacheka peke yake mpaka akachelewa kazini dakika kumi na moja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Gari akalipa jina la Majken.

Mwaka uliofuata alikuwa mwanachama wa klabu ya besi. Shindano lao ni rahisi. Gari linafungwa milango na vioo, ndani hamna mtu, maikrofoni inabandikwa kwenye kioo cha mbele, na mwenye gari anasimama nje na kubonyeza kitufe chenye waya mrefu. Besi inalia kwa sekunde tatu, kipimo kinaandika desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Kila mtu ana zamu tatu. Wanaofika mia na hamsini wanahesabiwa kuwa watu. Kwa miaka minne Gunvor alikuwa ameishia mia arobaini na nane na kitu, na mara moja mia arobaini na tisa na nukta moja.

Sasa ilikuwa Juni, na Majken alikuwa amekwisha. Fundi alikuwa amebonyeza sakafu iliyoliwa na kutu kwa bisibisi, bisibisi ikatokea upande wa pili. Lori la vyuma chakavu lingekuja Jumatatu. Baada ya hapo wangenunua kigari kidogo cha umeme ambacho buti lake lingebeba mifuko miwili ya sokoni, basi. Kwa hiyo ni Jumamosi hii au sahau.

Zamu ya kwanza ilikuwa mbaya. Majken alinguruma sekunde moja na nusu, kisha kimya. Kwenye amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti, taa nyekundu ya hatari ikawaka.

"Mia arobaini na nane na nukta mbili," alisema Yvonne, mwamuzi, ambaye siku za kazi ni mkutubi na hata uwanjani hunong'ona.

Zamu ya pili ikawa mbaya zaidi. Mia arobaini na saba kamili. Amplifaya ilikuwa ya moto kiasi kwamba Sixten, aliyeigusa kwa kidole, alikikimbizia kwenye kikombe cha kahawa baridi.

"Tatizo lako ni woga," alisema Kjell-Åke, dereva wa gari la kuzoa theluji, mtu mwenye tumbo la heshima na rekodi ya mia hamsini na mbili. "Nimekwambia, omu zishuke. Omu zikishuka, nguvu inapanda. Hata paka wangu anajua."

"Ziko nusu omu, Kjell-Åke. Zishuke ziende wapi?"

"Basi nunua betri ya pili."

"Ya gari linalochukuliwa Jumatatu?"

"Ndiyo maana nasema woga."

Omu zishuke: hiyo ndiyo ilikuwa imani ya uwanja mzima. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoubania umeme. Zikiwa chache, amplifaya inakunywa kwa mdomo mpana. Sabufa mbili za Gunvor, zile spika kubwa za besi mle sandukuni, zilikuwa na koili mbili za waya kila moja, za omu mbili mbili, na yeye, kama wenzake wote, alikuwa amezifunga zote sambamba ili ipatikane nusu. Amplifaya yenyewe ilikuwa imeandikwa chini, kwa herufi ndogo: isipungue omu moja. Uwanjani maandishi hayo huchukuliwa kama onyo la kwamba kahawa ni ya moto.

Gunvor akatoa mita yake ya umeme, akaigusisha kwenye betri, akamwomba Sixten abonyeze kitufe kwa sekunde moja tu. Volti zikaporomoka kutoka kumi na nne hadi kumi na nukta nne. Akaitazama ile namba kama anavyotazama jino lenye tundu. Betri ya Majken na alteneta yake ya zamani ya kuichaji havikuwa na umeme huo unaodaiwa. Amplifaya ilikuwa inakunywa kwa mdomo mpana kutoka kwenye kikombe kitupu, na hicho kidogo inachokipata inakigeuza joto.

"Nipe bisibisi," alimwambia mumewe.

Akaingia kwenye buti kichwa kichwa, miguu nje. Akaziunga koili za kila sabufa kwa kufuatana, zikawa omu nne. Kisha akaziweka sabufa zote mbili sambamba, zikawa mbili. Akapima. Mbili na kidogo.

"Mbili?" Kjell-Åke alikuwa amechungulia. "Gunvor, unaipeleka kanisani? Pale itapiga nusu ya nguvu."

"Nusu ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi."

"Haya, ni mazishi yako. Mimi nalala juu."

Maana hiyo nayo ndiyo desturi ya klabu: gari likipiga, bati na vioo hujivuta nje na kupoteza sauti, kwa hiyo waliomaliza zamu zao lazima walikandamize gari la mwenzao, hata la mpinzani. Wanne wakaegemeza migongo milangoni. Wawili wakabana kioo cha mbele kwa viganja, pua karibu na kioo. Kjell-Åke akapanda akalala kifudifudi juu ya paa, mikono kaipanua kama anayemkumbatia nyangumi. Wote wakavaa vikinga masikio.

Gunvor akabonyeza.

Taa nyekundu haikuwaka. Majken alipiga sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kukohoa. Tumbo la Kjell-Åke lilitetemeka mawimbi mawimbi kuanzia kitovuni, mashavu yakafuata, na kofia yake ikatembea polepole juu ya paa ikaanguka. Soseji iliyokuwa kwenye sahani juu ya boneti ilijiviringisha ikatoka kwenye mkate wake, ikaenda zake.

Yvonne akanong'ona. Kwa vile wote bado walikuwa wameziba masikio, hakuna aliyesikia. Akanong'ona tena. Mwishowe akakigeuza kipimo kiwaelekee, akakinyanyua juu ya kichwa: 150.3.

Gunvor hakupiga kelele. Alianza kutoa sauti ndogo ndogo kama maji yanayochemka, kisha akakaa chini kwenye lami, miwani mkononi, akicheka mpaka akapata kwikwi. Sixten akakaa naye. Alijaribu kumuuliza kitu, akashindwa, akaanza kucheka yeye pia bila kujua anacheka nini.

"Amplifaya?" aliuliza Kjell-Åke kutoka juu ya paa.

Mmoja akaenda akaigusa. "Vuguvugu. Kama maziwa ya mtoto."

Kjell-Åke alitafakari hapo hapo alipolala, shavu kwenye bati. Kisha akateleza chini, akaokota kofia, akaenda kwenye gari lake bila kumtazama mtu. Buti likafunguka.

"We Gunvor," aliita baada ya kitambo. "Hivi zile koili unafunga ipi na ipi?"

"Si ulisema ni mazishi?"

"Nilisema. Njoo unizike na mimi, basi."

Buti la gari la pili likafunguka, na la tatu. Watu walianza kusoma herufi ndogo chini ya amplifaya zao, wengine kwa kurefusha mikono kwa sababu macho hayaoni karibu. Gunvor akainuka, akajipangusa, akapiga magoti nyuma ya gari la Kjell-Åke. Mara tatu bisibisi ilikosa skrubu, kwa sababu mikono ilikuwa bado inacheka.