Ujumbe Ambao Sikuuandika

Wenzangu wastaafu wa kikosi cha mawasiliano waliniomba niandike historia ya kikosi chetu, isomwe kwenye mkutano wetu hapa Nyeri. Nilikubali bila kufikiri. Nimejaza madaftari mawili ya shule nyumbani Giakanja, magoti yananiuma kwa kukaa, na ukurasa mmoja tu ulinisumbua kuliko yote mengine.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika redio ya jeshi, nieleze taratibu. Si jambo gumu. Huku milimani mabonde huzuia mawimbi, kwa hiyo mtu mmoja hukaa juu ya kilima, akapokea ujumbe wa kambi na kuwarushia walio bondeni. Anayepokea huurudia wote, neno kwa neno, kisha huuandika kwenye daftari lake. Ujumbe usiokuwa kwenye daftari la mpokeaji huhesabiwa kuwa haukutumwa.

Ukurasa huo ni wa siku moja ya mazoezi. Rafiki yangu mmoja alikuwa kilimani, nami nilikuwa ndani ya lori la mbele. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Akaniambia mto umesomba daraja, tuzunguke kwa njia ya juu. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nilijibu "imepokelewa" bila kurudia, bila kuandika, nikijiambia nitamweleza dereva tukifika njia panda. Nikasinzia. Lori lilitumbukia mtoni, dereva akavunjika mguu.

Wakubwa walipofungua daftari langu hawakuona kitu. Wakaniuliza kama ujumbe ulifika. Nilisema sikuusikia. Rafiki yangu alivuliwa cheo, ati alilala kazini.

Mwezi uliopita nilimfuata kwake Nanyuki. Nilimkuta akichambua viazi vya mbegu pamoja na mkewe. Nikawasomea ukurasa huo wote, pamoja na uongo wangu.

"Afande, wewe nawe," rafiki yangu alisema mwishowe, bila kuinua macho. "Mimi nilijua siku ileile. Sauti yako nilisikia na masikio yangu."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliwaambia! Nani angeniamini, na daftari yako iko safi kama ya mtoto wa nasari?" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Toa hiyo ukurasa. Sisi ni wazee. Niko na viazi ya kupanda."

Mkewe hakucheka. "Wewe umechoka, mzee. Mimi bado. Watoto wangu walikua wakiitwa watoto wa askari wa usingizi." Akanigeukia. "Hiyo maneno utaisoma wewe mwenyewe, mbele ya hao wenzenu wote. Usipatie mtu mwingine."

"Nitasoma, mama."

"Na mimi nitakuja kusikia."

"Wacha afande anywe chai kwanza," mumewe akasema.

"Atakunywa akishaniandikia siku ya mkutano hapa, nione."

Niliandika. Ndipo akanimiminia.

Jana mwenyekiti wetu alinipigia simu, akauliza kwa upole kama sehemu hiyo haiwezi kupunguzwa, maana kutakuwa na wageni. Nilimwambia apunguze popote pengine apendapo. Kisha nikampigia yule dereva wa lori, nikamweleza kitakachosomwa. Akasema mguu wake haumruhusu kusimama sana, nimwekee kiti pale mbele.