Filimbi za Wanawake wa Kishapu

Mradi wa wafadhili ulitugawia wanawake wa kijiji chetu, huko Kishapu, filimbi za kuvaa shingoni. Mume akianza kupiga, tulielezwa, mke apulize na majirani waje kumwamulia. Wageni wale hawakujua kwamba balozi wa nyumba kumi alitumia filimbi kama hizo kutuita kwenye shamba la pamba la kijiji, na asiyetokea alitozwa faini.

Asubuhi moja jirani yangu aliunguza uji, mumewe akaanza kumpiga makofi. Akapuliza. Kijiji kizima tulitoka na majembe tukaelekea shambani. Mume naye alimwachia, akachukua jembe lake, akakimbia hadi akatupita.

Shambani balozi hakuwepo. Jirani yangu alifika wa mwisho, shavu limevimba.

"Nani katuita?" mumewe akauliza, akihema.

"Ni mimi, baba watoto. Ulikuwa unanipiga."

Wote tukamgeukia mume, majembe mabegani. Aliinama, akaanza kupalilia peke yake. Tulikaa kwenye tuta tukimtazama mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyemwambia aache.