Siku Nilipoosha Chambo cha Wifi Yangu

Mimi Mwanakombo ni mwanamke msafi, na usafi wangu ndio ulioniaibisha. Niliosha chambo! Cheka, cheka tu, majirani zangu wote huku Magomeni wameshacheka na bado wanaendelea.

Wifi yangu anaitwa Saida. Aliishi na kaka yangu Omari, Mungu amrehemu, miaka ishirini na mbili kule Mikindani, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa moja: kuchimba minyoo ya chambo. Maji yakitoka, Saida yuko topeni na kijiti chake, anaangalia vishimo. Wewe unaona kishimo, mimi naona kishimo, yeye anakwambia, "Hiki kina mwenyewe, kile kitupu." Na hakosei! Wavuvi wote wa mshipi wanaosimama miambani walichukua chambo kwake. Lakini kutupa mshipi wenyewe? Aka! Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume.

Pale miambani kila mvuvi ana mahali pake, na huwezi kusimama pa mwenzio kama usivyoweza kuingia chumbani kwake. Pa Omari palikuwa ncha ya mwisho, penye kina, njia ya wale samaki wakubwa, kolekole. Alipofariki wakapaacha wazi mpaka mjane atoke eda. Ndiyo desturi yao. Eda ikiisha, mtu wa nyumba ya marehemu anakwenda kusimama pale bamvua la kwanza, siku maji yanapojaa sana. Akitoa samaki wa maana, mahali ni pao. Asipotoa, anapewa mwingine. Na aliyekuwa anapangojea ni Faraji, rafiki wa kaka yangu. Mtu mwema, sisemi, ila jicho lake lilikuwa halibanduki pale.

Sasa nyumba ya Omari haina mtoto. Siku Saida alipotoka eda, dua imesomwa, wali umeliwa, akanivuta jikoni.

"Wifi, nitasimama mimi."

"Usimame wapi?"

"Pa mume wangu. Wakipachukua pale, mimi nabaki na nini cha Omari? Shati?"

Niliruka, nikamkumbatia, nikapiga kigelegele peke yangu kama chizi. Nikamwambia siku hiyo nafunga biashara yangu ya mihogo, nakuja, atake asitake.

Bamvua likafika. Saa nne asubuhi maji yametoka mbali, Saida akachimba minyoo, wanene, wekundu, akawaweka kwenye ndoo na maji yao ya bahari na mchanga kidogo. Akaniachia ndoo uani, akaingia ndani kujinyoosha mpaka adhuhuri. Mimi nikaitazama ile ndoo. Jamani, uchafu ule! Tope, utelezi, shombo inapanda mpaka puani. Nikajisemea, wifi yangu leo anakwenda kusimama mbele ya wanaume, aende na vitu vichafu hivi? Nikamwaga yale maji. Nikawaosha na maji ya bomba, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu nikawakamulia na ndimu. Kama dagaa! Nikawapanga kwenye bakuli jeupe na kufunika kwa kawa. Nilijisikia fahari, haki ya Mungu.

Saida akamaliza kuswali, akafunua bakuli. Minyoo wamekufa wote, weupe, wamelegea, wengine wamepasuka.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimewaosha."

"Na nini?"

"Na maji. Na ndimu."

Akakaa chini palepale kwenye kizingiti. Mnyoo wa bahari akiguswa na maji ya bomba yasiyo na chumvi anakufa, akafafanua taratibu, na akifa hivyo hashiki hata kwenye ndoana, anachanika. Tope lote limeshafunikwa na maji. Pa kuchimba hakuna. Mimi nikaanza kulia kwa sauti. Kaka yangu alisimama pale maisha yake yote, halafu mimi dada mtu nimeifukuza nyumba yake kwa ndimu mbili!

"Nyamaza," akasema. "Kulia utalia baadaye. Beba mshipi na kisu, twende." Nikakichomeka kisu kiunoni.

Alikuwa na hasira, nilimwona, alitembea mbele yangu bila kugeuka. Tulipofika ufukweni hakwenda kwenye ncha. Akaanza kugeuza mawe ya juu, yale ambayo maji yalikuwa hayajayafikia. Jiwe hili, hapana. Lile, hapana. Maji yanapanda, wanaume wameshajipanga, wanatutazama. Mimi nageuza mawe kama mwendawazimu na sijui hata natafuta nini!

"Kaa aliyejivua gamba," akanieleza akiwa ameinama. "Kaa akitaka kukua anatoka kwenye gamba la zamani, siku mbili tatu anakuwa laini kama ini. Basi anajificha. Samaki mkubwa akimnusa huyo, hajiulizi."

"Mbona wavuvi hawamtumii?"

"Hawajui. Wote niliwapa minyoo. Kaa laini nilimpelekea Omari tu."

Miaka yote hiyo ninatamba mitaani, kaka yangu ana mkono, kaka yangu ana bahati, kaka yangu samaki wanamjua! Kumbe!

Akampata mmoja. Mmoja tu, chini ya jiwe la mwisho, na wimbi la kwanza likatulowesha miguu. Tukapita mbele ya wanaume mpaka kwenye ncha. Faraji akasalimia vizuri, kisha akauliza, "Shemeji, minyoo wako wapi leo?"

"Wameisha," Saida akajibu. Hakunisema. Nilimpenda mno dakika ile.

Akamfunga kaa kwenye ndoana na uzi, akachana upindo wa kanga akajizungushia kiganjani, akazungusha chubwi, ile risasi nzito ya mshipi, juu ya kichwa kama alivyomwona Omari miaka yote, mara moja, mara mbili, akaachia. Mshipi ukaenda mbali! Mtu fulani akaguna nyuma yetu. Tukangoja. Nasoma kila dua ninayoijua na nyingine nachanganya. Kaa ni mmoja. Akiliwa bure, basi tena.

Mshipi ukakaza.

"Vuta!" nikapiga kelele.

"Bado."

"Vuta, wewe!"

"Wifi, funga mdomo!"

Ndipo akavuta, na yule samaki naye akamvuta! Saida akateleza hatua mbili kuelekea majini, nikamdaka kiunoni, nikakaa chini, nikakaza visigino kwenye mwamba. Saida anaachia mshipi, anakusanya, anaachia, anakusanya, kanga ya kiganjani imelowa damu. Wanaume wameacha mishipi yao, wanapiga kelele zaidi yangu: "Mlegezee! Asiingie mwambani! Kushoto, shemeji, kushoto!" Faraji ndiye anayepiga kelele kuliko wote, sijui amesahau kwamba yule samaki akikata mshipi mahali ni pake!

Wimbi kubwa likaja, likampandisha juu ya mwamba. Kolekole! Mrefu kama mkono wangu, anang'aa, anapigapiga mkia. Nikajitupa juu yake kifudifudi na baibui langu. Usafi gani tena?

Watu wakashangilia. Faraji akasogea, akamtazama samaki, akatazama kipande cha kaa kilichobaki kinywani mwake. Akakitazama muda mrefu. Nadhani alielewa.

"Kumbe Omari..." akaanza.

"Omari alikuwa na mkono," Saida akamkata. "Chambo ndicho kilichokuwa changu."

Faraji akacheka, akatikisa kichwa, akarudi mahali pake, akaokota mshipi wake. Mimi nimeshambeba samaki begani, machozi yananitoka, nataka tupite naye Mikindani yote, barabara kwa barabara, kila mtu aone.

"Twende, wifi! Twende nyumbani!"

Saida akanyoosha mkono, akachukua kisu kiunoni mwangu. Akakata ukanda wa nyama ya tumbo la yule kolekole, akauchomeka kwenye ndoana, akaangalia maji.

"Sogea kidogo," akaniambia. "Unanizuia kutupa."