Futi ya Daktari wa Korea na Kanzu za Wakwe

Nilirudi Mji wa Kale na diploma ya mitambo ya baridi kutoka Korea, suti niliyoinunua kwa jasho langu, na tumbo bapa. Diploma mamangu aliitundika ukutani. Suti aliisifu kwa majirani. Tumbo lilimliza.

"Umekonda hivi, mwanangu, na Ijumaa twenda kuposa? Watasema una maradhi."

Hofu yake ilikuwa na msingi. Binti nilimtaka tangu kabla sijasafiri, na babake, muuza halwa mstaafu mwenye kitambi cha heshima, alishaulizia msikitini kama mimi ni mzima.

Ijumaa, baada ya Alasiri, mimi na mamangu tulikaribishwa ukumbini kwake. Sinia la biriani likaja. Nikala kiasi, nikanawa.

"Mbona hivyo?" mzee akauliza. "Huko walikunyima chakula?"

Mimi si mtu wa kuficha elimu. Nikamweleza kwamba kiwandani nilikofanya kazi kule Korea daktari alikuja kila mwaka, akaanza kwa kupima kiuno kwa futi, kisha presha, sukari na mafuta ya damu. Watu wazima wengi wa kule, wanaume hasa, hukutwa na hayo yote kwa pamoja, kwa sababu ya kuketi kutwa na kula kuku wa kukaanga na tambi za pakiti. Msimamizi wangu alikuwa akivuta pumzi ndani kila akiona futi. Hata mimi nilikutwa na kitambi, nikakiondoa kwa bidii yangu mwenyewe.

Shangazi wa binti akaangua kicheko mlangoni. "Wakorea wana vitambi? Ewe, sisi twawaona kila jioni kwenye televisheni, wembamba kama njiti za kiberiti!"

"Hao ni waigizaji, bi mkubwa. Wenye vitambi ni wale wanaotengeneza televisheni yenyewe."

Wote wakacheka isipokuwa mzee. Alinitazama kama anayekagua samaki wa jana. Nikaona maneno hayatoshi. Nikatoa mfukoni futi niliyopewa na daktari siku ya kuagana.

"Kwa idhini yako, baba."

Mzee akasimama, akainua mikono pande zote mbili, uso ukamng'aa. Nikazungusha futi, nikatazama namba, nikaitazama tena. Kabla sijafungua mdomo kumpa habari, akageukia ndani na kupaza sauti:

"Njooni! Mkwe atushonea kanzu!"

Mkwe! Mamangu akanifinya paja ninyamaze. Ami zake binti wakajipanga, mikono juu. Nikawapima wote kwa utaratibu wa kitaalamu. Sidhani kuna daktari Mombasa aliyewahi kupata wagonjwa watiifu hivyo. Fatiha ya posa ikasomwa papo hapo.

Kesho yake fundi cherehani alikitazama kikaratasi changu cha vipimo, akanitazama mimi.

"Viuno vitupu? Kanzu haina kiuno, bwana. Urefu u wapi? Mabega?"

Ikabidi nirudi kwa mzee. Safari hii, nikiwa nimepiga magoti nikipima urefu, nilimwambia futi ile ilikuwa ya kutafuta sukari na presha, na namba yake haikunipendeza.

Akajipapasa tumbo.

"Nitakwenda kupimwa, mkwe wangu, maadamu wewe ndiwe usemaye. Lakini baada ya harusi. Na huyo fundi mwambie aache nafasi ya biriani."