Sufuria Katikati ya Ua

Nakumbuka siku moja hapa Rwambuzi nilipopika chakula kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupika, na watu wakakaa wakikitazama tu. Ilikuwa arusi ya baba na mama yako, mwanangu. Juzi ulikuja kuniuliza ufanye kazi gani: uingie jikoni mwa restora pale mjini, au ufuatane na wamama wanaopika kwenye arusi na matanga. Sikukujibu, maana jibu langu ni refu na miguu yangu ilikuwa inauma. Leo haiumi sana. Kaa.

Mimi nilianzia restora. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, wageni walijaa mjini, na patron wetu, mwenye restora, alitaka kila sahani itoke inang'aa. Nilisimama penye moto toka asubuhi, samaki wa ziwani Kasenyi huku, ndizi za kukaanga kule. Agizo linaingia kwa kidirisha, na sahani inatoka kwa kidirisha hicho hicho. Aliyekula simjui, wala yeye hanijui. Chumvi ikizidi sahani inarudi, unatengeneza nyingine, yamekwisha. Kazi ile ilinipa mkono mwepesi na usafi, na naishukuru hadi leo. Ila ilikuwa na sheria moja kali: mpishi akikutwa anatafuna chakula cha mteja, jioni hiyo hiyo anarudi kwao.

Mama Dorika ndiye aliyenitoa huko. Alikuwa mkuu wa wapishi wa karamu, mkimbizi wa vita kutoka Djugu, mtu wa upande wa baba yako. Mimi, kama unavyojua, ni wa upande wa mama yako, watoto wa wenye ng'ombe. Aliniomba nimsaidie kwenye arusi ile, nami nikaenda nikidhani naenda kumfundisha. Ujana una kiburi chake, na mimi sikupungukiwa.

Siku hiyo watu wa baba yako walikaa upande mmoja wa ua, wa mama yako upande wa pili. Pande hizo zilikuwa zimepigana vita; amani ilikuwa imekuja, lakini aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Kila mtu aliogopa sumu ya mwenzake, hata soda ilikuwa lazima ifunguliwe mbele ya macho yako. Ikija imefunguliwa, unashukuru na kuiweka chini. Nililijua hilo, nami nilikuwa nafanya vivyo hivyo. Lakini mkono ukizoea kazi hauulizi kichwa. Nikafunga mlango wa jiko, nikapakua kila sahani mwenyewe: wali nimeufinyanga kwa kikombe, nyama pembeni, sombe ya majani ya muhogo pembeni, ukingo nimeufuta kwa kitambaa. Nikafunika, nikawapa wasichana wapeleke.

Wakarudi wakaniambia watu hawali. Nikachungulia. Watu wa baba yako walikuwa wameshika sahani magotini, hakuna aliyefunua. Ndugu mkubwa wa babu yako mzaa baba alikwisha kuisukuma ya kwake chini ya kiti, sasa anatafuta kofia yake. Yule mzee akiondoka wote wangeondoka, na wakwe wakitoka bila kuonja, arusi hiyo imekufa kabla ya jua kuzama. Mama yako aliyaona yote kutoka kwenye kiti chake cha bibi arusi. Alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena. Nilimwonea huruma.

Mama Dorika akaingia jikoni. Hakupaza sauti.

"Mutoto yangu, hii sahani, nani alikuona wakati unapakua?"

"Hakuna, Mama. Mu restora tunapakuaka ndani."

"Siye hatuko mu restora. Kule watu wanalipaka, wanakula. Huku watu wanaogopa. Beba sufuria, tupeleke inje, katikati. Na weye utakula wa kwanza."

Nikamwambia mpishi kutangulia wageni haiko heshima.

"Leo heshima iko kula," akasema.

Tukazibeba sufuria. Tukazifunua katikati ya ua, watu wote wakiona, nami nikajipakulia wali, nyama na sombe, bila kufuta ukingo. Mzee, kofia mkononi, akauliza, "Huyu binti iko wa nani?" Miaka yote ya restora hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikataja jina la baba yangu. Jina lile lilitosha kusema mimi ni wa upande gani. Nikatia tonge mdomoni, likakataa kushuka.

Hapo Mama Dorika, binti wa kijiji cha mzee yule, akaketi chini kando yangu na kutia mkono wake ndani ya sahani yangu. Tukala sote wawili, polepole. Katikati ya kutafuna akasema kwa sauti, "Chumvi iko kidogo, lakini itaenda." Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Mzee akaja na sahani tupu, akanyoosha mkono.

"Niwekee mu ileile sufuria," akasema.

Nilipomtazama mama yako, leso ilikuwa imetulia magotini.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mchagua jembe si mkulima, kazi zote mbili ni kazi. Anzia restora ukipenda, ikufunze moto na haraka. Lakini ukiitwa kwenye karamu, acha mlango wazi. Huko watu watataka kujua ni nani aliyepika, na amani yetu bado ni changa. Usilichukie swali lao. Taja jina lako, funua sufuria, na kile unachowapa watu, ukile wewe kwanza. Mama Dorika hayupo tena, na kila nikishika mwiko namshukuru Mungu kwa ajili yake. Wewe nawe mshukuru, kwa sababu sahani ile isingeliwa, leo nisingekuwa na mtu wa kumwambia haya.

Nenda sasa. Mungu aubariki mkono wako uaminiwe pande zote mbili za ua, na siku tonge litakapokataa kushuka, akupe mtu wa kuketi chini kando yako.